Taa ya Ganze Ilipiwe na Nani?



Ukitoka hapa Malindi ukashika barabara ya Sala, ukaipita Kakoneni, unafika Langobaya, penye shamba la paneli za sola ambalo jicho haliumalizi upana wake. Mtambo ule ulianza kuuza stima Desemba 2021. Jua likiwa kali, uwezo wake ni megawati 52. Uliendelezwa na kampuni ya Globeleq na washirika wake, na Kenya Power imejifunga kwa mkataba wa miaka 20 kununua stima yake. Kila mwenye mita nchini huchangia malipo hayo anaponunua tokeni. Jua la Malindi, basi, lina bei, lina mkataba, na lina mnunuzi anayelipa kwa fedha zinazotoka mifukoni mwa watu wote.

Sasa ulizeni kama serikali ilipie paneli moja ndogo juu ya nyumba ya mjane wa Bamba, au Vitengeni, au Adu, huku bara ya Kilifi. Hapo maneno hubadilika. Tutaambiwa hazina ni tupu, kwamba cha bure hakitunzwi, kwamba soko litafika kwa wakati wake. Haya si maneno ya kupuuzwa, na moja kati yake nalikubali kwa moyo wote, kama mtakavyosikia. Lakini nimekuja kusema kwamba serikali inapaswa kulipia, na kwamba sababu kubwa ya kusema hivyo ni ya haki kabla ya kuwa ya uchumi. Serikali ilikwisha kuamua zamani kulipia taa za watu. Imekuwa ikilipia taa za walio karibu na transfoma.

Tutazame waya ulivyofika kwa wale uliowafikia. Mwaka 2015 ulianza mradi ambao sote tunauita Last Mile. Ada ya kuunganishwa ikashushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na mtu akaruhusiwa kuilipa kidogo kidogo. Sharti likawa moja: nyumba iwe ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Tofauti kati ya ada ile na gharama ya kweli ililipwa kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Dunia, yaani kwa deni ambalo Mkenya wa Ganze analibeba sawasawa na Mkenya wa Kiambu. Wachumi watatu, Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram, walifanya utafiti Busia na Siaya, wakauchapisha mwaka 2020. Walikuta kwamba kuunganisha nyumba moja, hata kijiji kizima kikiunganishwa kwa mpigo mmoja ili gharama ipungue, hugharimu zaidi ya dola 600. Linganisheni na shilingi 15,000. Sehemu kubwa ya waya ule ililipiwa na umma.

Sina kinyongo na hilo. Nafurahi kila ninapopita mahali palipokuwa giza nikaona balbu barazani. Ila mita 600 ni mpaka, na upande wa pili wa mpaka kuna watu. Mnaijua nchi yetu ilivyo. Mji wa Malindi, Watamu, Mtwapa na Kilifi mjini, nyumba zimekaribiana. Ukiingia ndani, Ganze, Magarini, nyuma ya Kaloleni, maboma yametawanyika. Kati ya boma na boma kuna shamba la mahindi, mihogo, vichaka, korongo. Kila nguzo ina bei yake, na nguzo kumi kwa ajili ya boma moja hakuna mhandisi wa kuzitetea mbele ya wakubwa zake. Kwa hiyo transfoma haiji, na isipokuja, msaada wa umma nao hauji. Aliye mbali zaidi, ambaye kwa kawaida ndiye maskini zaidi, ameachwa anunue mwanga wake sokoni kwa bei kamili.

Na bei kamili ni nini? M-KOPA ilipoanza kuuza sola kwa mkopo wa M-Pesa mwaka 2012, ilifungua mlango mkubwa. Katikati ya muongo ule, mtu alitoa amana ya shilingi 2,999, kisha akalipa shilingi 50 kila siku kwa mwaka mmoja. Jumlisheni wenyewe: inapita shilingi 21,000. Kwa fedha hizo alipata paneli ya wati 8, taa chache, redio na chaja ya simu. Huduma ilikuwa ya kweli na nyumba nyingi ziliagana na kibatari kwa sababu yake, wala siilaumu kampuni kwa kuuza kwa bei inayoiwezesha kuishi. Naitazama hesabu tu. Aliye karibu na transfoma alilipa 15,000 na kupata waya unaoweza kuwasha friji. Aliye mbali alilipa 21,000 na kupata taa chache.

Serikali nayo ikaongeza uzito juu ya huyo wa mbali. Septemba 2018 mafuta ya taa yaliwekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita, kwa sababu kulikuwa na wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Wezi walikuwa mijini na kwenye barabara kuu, lakini tozo iliingia kwenye kibatari cha Jaribuni. Kufikia mwisho wa 2023 lita moja ilikuwa imepita shilingi 200. Mtu angesema: vyema, watu wasukumwe watoke kwenye mafuta waende kwenye sola. Lakini Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 ikaondoa msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola, katika mwaka uleule wa korona, shule zimefungwa na watoto wako nyumbani. Mwaka uliofuata msamaha ulirudishwa. Mwaka mmoja kwa muagizaji wa bidhaa ni jambo la vitabu vya hesabu. Kwa mama aliyekuwa ameweka akiba ya amana kwenye chama chake, ni mwaka mwingine wa moshi.

Nisimame kidogo kwenye moshi huo, maana walioukimbia zamani huusahau. Kibatari kinatoa masizi yanayoingia puani na kwenye kifua cha mtoto aliyeinamia daftari. Nyumba ya makuti na kibatari ni majirani wabaya: upepo mmoja wa usiku na kila kitu kimekwisha, nguo, vitabu, hata vyeti. Mafuta ya taa huwekwa ndani ya chupa ya soda, na mtoto wa miaka miwili mwenye kiu hajui tofauti. Halafu kuna simu. Siku hizi simu ndiyo benki, ndiyo posta, ndiyo njia ya kumwita mwenye pikipiki mama anaposhikwa na uchungu usiku. Ikizimika, mtu anatembea hadi kituo cha biashara, anaiacha kibandani siku nzima na kulipa ili ichajiwe. Maskini wa bara yetu hununua stima ghali kuliko mtu yeyote katika kaunti hii. Anainunua kwa vipande vidogo vidogo tu, na ndiyo maana hakuna anayemhesabu.

Watu wa soko watanijibu kwamba Kenya ni mfano wa dunia, kwamba sola ilienea hapa bila msaada wa serikali. Wana hoja. Mwaka 1984 Wamarekani wawili, Harold Burris na Mark Hankins, walifunga sola katika shule ya sekondari ya harambee ya Karamugi, upande wa Meru, na kutoka hapo mafundi na wenye maduka wakalikuza soko kwa mikono yao. Walimu na wakulima wa kahawa na chai walinunua paneli kwa fedha zao ili watazame televisheni. Katika sensa ya 2019, takribani nyumba moja kati ya tano nchini iliangazwa kwa sola, na nyumba zilizotumia stima ya waya zilikuwa karibu nusu tu. Hayo ni mafanikio makubwa, na serikali haina sehemu kubwa ya kujisifia humo.

Lakini ulizeni soko lilifika kwa nani. Mtafiti Arne Jacobson aliyelichunguza soko hilo alichapisha matokeo yake mwaka 2007, akaonyesha kwamba waliofaidika zaidi ni watu wa kipato cha kati huko vijijini, wenye mshahara au zao la biashara. Soko halina ubaya wa moyo. Linakwenda kwenye fedha. Kule Meru kulikuwa na kahawa. Sisi tulikuwa na korosho, na mnajua zao lile lilivyoporomoka pamoja na kiwanda chake. Tuna nazi, tuna maembe ambayo msimu wake ukifika bei inaanguka hadi yanaozea chini ya mwembe. Mtu mwenye mapato ya namna hiyo anaweza kulipa kidogo kwa siku, siku ambazo kuna kitu. Asichoweza ni kutoa amana kwa mkupuo, wala kuvumilia masharti yanayosema kwamba asipolipa kifaa kitajifunga na nyumba itarudi gizani hadi atume fedha.

Utafiti wa Busia na Siaya unalithibitisha hili. Watafiti walizigawa nyumba kwa bahati nasibu na kuzitolea bei mbalimbali za kuunganishwa. Zilizopewa bure ziliunganishwa karibu zote. Zilizoambiwa zilipe shilingi 15,000, chini ya robo ndizo zilizokubali. Watu wale hawakuwa wajinga wa faida ya stima. Hawakuwa na hizo fedha kwa pamoja.

Utafiti huo ulikuta jambo jingine ambalo wapenzi wa waya huliruka, nami sitaliruka. Baada ya mwaka na zaidi, nyumba zilizounganishwa hazikuwa zimebadilika sana kimapato. Zilitumia stima kidogo mno: taa, simu, pengine televisheni. Wengine husoma matokeo hayo wakasema mwanga wa maskini ni hasara. Mimi nayasoma vingine. Ikiwa nyumba mpya kijijini hutumia stima kwa taa, simu na televisheni, basi paneli ya kawaida na betri nzuri vinatosha kwa mahitaji hayohayo, kwa sehemu tu ya gharama ya nguzo na transfoma, na vinaweza kufika wiki hii. Kwa nyumba iliyo kilomita tano kutoka kwenye waya, anayetaka kuokoa fedha za umma ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuunga mkono sola.

Katiba nayo imenena waziwazi kuliko wanasiasa wetu. Kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji na kuitengea nusu asilimia ya mapato ya taifa, kikataja inachopaswa kununua katika maeneo yaliyoachwa nyuma: maji, barabara, vituo vya afya na stima. Tume ya Ugavi wa Mapato ilipotoa orodha ya kwanza ya kaunti zilizoachwa nyuma, zilikuwa 14, na Kilifi ilikuwamo pamoja na Kwale, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Kaunti hizohizo 14 ndizo zilizochaguliwa kwa mradi wa sola unaoitwa KOSAP, uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017 kwa mkopo wa dola milioni 150. KOSAP ulipanga gridi ndogo kwa vijiji vilivyokaa pamoja, sola za nyumba kwa maboma yaliyotawanyika, na pampu za maji na stima kwa zahanati na shule. Kwa sola za nyumba haukugawa vifaa. Uliwapa wauzaji mikopo na fidia ili wafike mahali ambapo biashara peke yake isingewafikisha.

Mpango ulikuwa mzuri. Mwendo ulikuwa wa pole mno. Desemba 2018 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa ulioahidi stima kwa kila Mkenya kufikia 2022. Mwaka 2022 ulikuja ukapita. Nina hasira na hilo, na nadhani ni halali ninyi pia muwe nayo, kwa sababu mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka ule wa ahadi amemaliza shule ya msingi akisomea kwenye moshi.

Sasa nije kwenye hoja ile niliyosema naikubali, kwamba cha bure hakitunzwi. Serikali ikigawa paneli bure, kwa mkono wa mbunge, zikipangwa kwenye lori lenye picha yake, kazi itakuwa imeharibika kabla ya kuanza. Bangladesh inatufundisha. Kuanzia mwaka 2003 nchi ile, kupitia shirika lake la fedha liitwalo IDCOL, ilifikisha sola katika nyumba zaidi ya milioni nne, na hakuna nchi nyingine iliyokuwa imefanya hivyo. Ruzuku ilikuwa ndogo na ikapunguzwa mwaka hadi mwaka. Mnunuzi alikopa, akalipa, na fundi wa mkopeshaji alirudi kijijini kila mwezi kuchukua malipo na kukagua betri. Baadaye serikali ileile ikaanza kugawa sola bure kupitia viongozi wa mitaa, huku waya nao ukisonga vijijini kwa kasi. Waliokuwa wakilipa wakauliza kwa nini walipe. Marejesho yakaanguka, mauzo yakaanguka, na yule fundi wa kila mwezi akaacha kuja.

Kuondoka kwa fundi ndiko kunakoniogopesha kuliko yote. Hapa kwetu wengi wenu mnaijua zahanati yenye paneli nzuri juu ya paa ambazo hazijawasha kitu tangu betri ilipokufa. Mfadhili alikuja, picha zikapigwa, na kwenye bajeti hakukuwa na fungu la betri. Paneli huishi miaka 20 na zaidi. Betri ya asidi inayomalizwa chaji kila usiku hufa ndani ya miaka miwili au mitatu, na hata hizi za lithiamu zilizo bora zaidi zina mwisho wake. Anayelipia paneli bila kulipia betri ya pili amenunua taa ya muda mfupi kwa bei ya taa ya kudumu.

Na Pwani ina adabu zake ambazo mnunuzi wa Nairobi hazijui. Upepo wa kusi ukivuma, chumvi hufika mbali ndani ya nchi kavu na kula vichwa vya waya. Ngomeni, Mambrui na Takaungu, waya usiozibwa vizuri huota kutu ya kijani ndani ya msimu mmoja. Paa la makuti halibebi paneli. Inatakiwa isimamishwe juu ya mlingoti, mbali na mnazi, maana kivuli cha kuti moja kikikata kona ya paneli hupunguza stima kuliko mtu anavyodhani. Tuko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli hulazwa karibu bapa, lakini isilale kabisa, ili mvua ishuke na vumbi na mavi ya ndege. Kubwa kuliko hayo ni masika. Mei ndio mwezi wetu wa mvua nyingi, na mawingu hukaa siku nyingi mfululizo. Anayepima mtambo kwa jua la Januari atawaacha watu gizani Mei, nao watasema sola ni uongo, na huwezi kuwalaumu.

Mambo haya anayajua fundi anayeishi hapahapa. Tangu mwaka 2012 kanuni zinamtaka fundi wa sola awe na leseni. Nendeni Bamba mkamtafute. Mtamkuta kijana mwerevu anayetengeneza simu na redio, aliyejifunza kwa kufungua na kufunga, asiye na karatasi. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwa kaunti, Jedwali la Nne la Katiba linasema hivyo, na jedwali hilohilo limeipa kaunti kazi ya usambazaji wa stima ndani ya mipaka yake. Kwa nini basi kila wadi ya Ganze na Magarini isiwe na vijana wawili, mmoja wao msichana, waliosomeshwa na kaunti na kupewa leseni? Zanzibar wameonyesha njia. Kinyasini, Unguja, tawi la Barefoot College limewafundisha akina mama wa vijijini, wengine wakiwa na masomo machache sana ya darasani, kufunga na kutengeneza sola, kisha wakarudi kuhudumia vijiji vyao. Mama aliyeolewa kijijini na mwenye wajukuu pale hahami kwenda Mombasa akishapata cheti.

Kwa hiyo nasema serikali ilipie hivi. Amana ilipwe na umma. Kwa nyumba zilizo kwenye orodha ya Inua Jamii, zenye wazee, yatima na watu wenye ulemavu ambao tayari hupokea shilingi 2,000 kwa mwezi, ilipwe amana yote na sehemu kubwa ya bei. Orodha ipo, haihitaji kutungwa upya wala kupitia kwa mwanasiasa. Wengine walipe kidogo kidogo kwa simu kama wanavyolipa sasa, lakini bei iwe imepunguzwa na umma. Rwanda ilitoa ruzuku ya sola kwa kufuata madaraja ya kipato yaliyoitwa Ubudehe, maskini zaidi akipata zaidi. Togo, nchi isiyotupita kwa utajiri, ilianza mwaka 2019 kumchangia mwenye nyumba kila mwezi kupitia simu yake, naye akimalizia. Vyombo vyote vya kufanya hivyo tunavyo, tena M-Pesa ilizaliwa kwetu.

Muuzaji naye asilipwe kwa kufikisha boksi. Alipwe sehemu moja taa inapowaka na mkaguzi ameiona, na sehemu iliyobaki alipwe baada ya mwaka wa tatu, taa ikiwa bado inawaka. Hapo atachagua betri nzuri bila kuhubiriwa. Rahisi huwa ghali, na mwenye kuthibitisha ubora awe ni yule atakayepoteza fedha ubora ukikosekana.

Kuna jambo moja linalonisumbua hata ninapoitetea sola namna hii, nami nalisema mbele yenu ili mnishike nalo baadaye. Paneli ya nyumba haigandishi samaki. Mvuvi wa Ngomeni anayeuza kwa bei ya kutupa kwa sababu hana barafu hatasaidiwa na taa tatu. Kinu cha kusaga cha Vitengeni, mashine ya kuchomelea ya Marafa, friji ya chanjo, pampu ya kisima, hivi vinataka stima yenye nguvu, ya waya au ya gridi ndogo ya sola. Wala paneli haipiki. Kuni na makaa bado vinatoka kwenye vichaka vyetu, na ukataji unaukaribia msitu wa Arabuko-Sokoke. Kwa hiyo asije waziri akakata utepe wa sola za nyumba kisha akafuta Ganze kwenye ramani ya nguzo kwa madai kwamba tayari wana stima. Nyumba ipate paneli sasa, na kituo cha biashara kiendelee kudai waya. Madai hayo mawili yaende pamoja.

Mtaniuliza fedha. Nami nawakumbusha Uyombo. Serikali ilitaka kujenga mtambo wa nyuklia wa megawati 1,000 pale, kando ya mkondo wa Mida, kwa gharama iliyotajwa kuwa takribani shilingi bilioni 500. Watu wa Uyombo walikataa, mwaka 2024 wakaandamana na kupigwa, na baadaye mazungumzo yakahamia Siaya. Sitaki leo kubishana kuhusu nyuklia. Nataka muone kwamba nchi inayoweza kukaa mezani na kuzungumza bilioni 500 haiwezi kusema haina fedha ya betri. Mwenye mita naye tayari anachangia: kila tokeni ina makato ya asilimia 5 ya mpango wa stima vijijini. Fedha hizo zimekatwa kwa jina la kijiji, na kijiji kisicho na nguzo ni kijiji pia.

Wala tusiambiwe kwamba teknolojia hii ni mpya na tuwe na subira. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini mbele ya Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru. Ilipata nguvu zake kutoka paneli za jua. Zaidi ya miaka 50 imepita, na bara ya Magarini, ng'ambo ya pwani ile, bado kuna nyumba zinazonunua mafuta ya taa kwa kikombe.

Ndugu zangu, sheria inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafikishwe kwenye Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na kabla ya kupitishwa wananchi waitwe watoe maoni. Vikao hivyo mara nyingi hujaa watu wanaosubiri soda na nauli. Nendeni safari hii na maswali matatu yaliyoandikwa. Fungu la sola za nyumba ni shilingi ngapi, na la betri je? Mafundi wangapi wenye leseni wako katika wadi yetu? Na Kilifi imepokea kiasi gani kutoka Hazina ya Usawazishaji kwa ajili ya stima tangu Katiba ipitishwe? Msiondoke hadi mjibiwe kwa tarakimu. Kifungu cha 204 kimepewa miaka 20 tu, na Bunge lisipokiongezea muda kitakoma mwaka 2030.